Mto Gitathuru nao utengewe kijia cha miguu, hadi kwetu Mathare

Mhariri,

Mara kwa mara nasoma katika gazeti lako habari za Mto Nairobi na mabilioni ya kuusafisha. Nasoma habari za mabomba, za nyumba zitakazojengwa, za vijana walioajiriwa kuzoa taka. Kuna kitu kimoja ambacho sijakiona kikipewa uzito wake, nacho ni kijia. Kijia cha miguu tu, cha upana wa watu wawili wanaopiga gumzo na mtoto anayewapita mbio, kinachofuata maji. Naomba nafasi nikieleze, kwa kuwa kijia cha namna hiyo nakitumia na najua kilivyonifaa.

Nilikuwa mkunga katika hospitali za umma hadi nilipostaafu. Naishi Huruma, hii yetu ya bonde la Mathare, si Mji wa Huruma ulio karibu na Runda ambako wageni wetu hupelekwa na bodaboda kila wakikosea kueleza. Baada ya kustaafu, kisukari kilinibisha hodi, na presha ikaja nyuma yake kama kawaida yake. Daktari wa kliniki, kijana ambaye ningeweza kumzaa, aliniambia, "Mama, dawa nitakupa, lakini lazima utembee." Nikamuuliza nitembelee wapi. Akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Mwenye shaka na aje atembee Huruma kwa ajili ya afya. Barabara ya Juja, pale panapostahili kuwa pa waenda kwa miguu, pana mitumba, viazi, makochi yanayoundwa, na matatu iliyokosa subira. Ukiingia ndani ya mtaa unapita kati ya majengo ya orofa saba, nane, ukitazama juu usije ukamwagiwa maji ya kuoshea vyombo, na ukitazama chini usije ukaingia mtaroni. Huwezi kutazama kote kuwili na bado ukasema unafanya mazoezi. Nilijaribu kwa muda. Sukari haikushuka, ila kifundo cha mguu kilivimba.

Wazo la kwenda Msitu wa Karura lilitoka kwa mwenzetu mmoja wa chama chetu cha kina mama, ambaye binti yake hufanya kazi ya nyumba upande wa Gigiri. Tulimcheka. Karura kwetu sisi watu wa umri huu ni jina la kutisha. Ndiko miili ilikokuwa ikiokotwa, ndiko ulikokuwa ukiambiwa usipite hata ndani ya gari kioo kikiwa wazi. Lakini binti alisisitiza, tukaenda, na tangu siku hiyo Jumamosi zetu nyingi ni za huko.

Tunapanda matatu hadi Muthaiga, kisha nyingine ya Barabara ya Kiambu, tunashuka kwenye makao makuu ya Shirika la Huduma za Misitu. Malipo ya kuingia ni ya simu, na kwa kuwa simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na macho yangu si ya vitufe, mjukuu hunilipia kabla sijatoka nyumbani. Mlangoni chupa za plastiki za kutupa haziingii, maana tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za nchi. Mmoja wetu hubeba maji katika chupa ya chuma ya mjukuu wake, ya bluu yenye picha za katuni, na hana habari na anayemkodolea macho.

Sasa kijia chenyewe. Wale ambao hawajafika wasiwaze mlima. Ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu ya watu, miteremko ni michache na ya upole, na kwenye njia panda kuna nguzo zenye nambari, kwa hivyo hata sisi tusiojua kusoma ramani hatupotei. Pale kinapokutana na mto, kijia kinashuka na kuandamana nao. Unasikia maji kabla hujayaona. Kuna mahali ninapopapenda ambapo mkuyu umekaa juu ya jabali, mizizi yake imeteremka pande zote mbili kutafuta mto, na chini yake maji yanazunguka taratibu kabla ya kuendelea. Mdiria huketi kwenye tawi lililo juu ya hapo. Hujirusha, hutoka na kitu mdomoni, hukipigapiga kwenye tawi, kisha hutazama upande wetu kama mtu aliyekatiziwa chakula. Tukifika hapo hata msemaji wetu mkuu hunyamaza, na wanaomjua wataelewa uzito wa jambo hilo.

Tukiendelea tunafika kwenye maporomoko. Karibu nayo kuna mapango yaliyowasitiri wapiganaji wa Mau Mau. Juu ya miti kuna mbega, wale weusi wenye joho jeupe, ambao waliletwa kutoka Kipipiri kule Nyandarua kuanzia mwaka 2014, na sasa wanaruka utadhani walizaliwa na msitu. Kuna pia tanuri kuukuu ambamo Benki Kuu ilikuwa ikichoma noti zilizochakaa. Hapo ndipo tunapocheka zaidi. Kila mmoja wetu ana deni lake ambalo lingelipika kwa moshi wa siku moja tu wa tanuri lile.

Nisije nikapamba mno. Maji ya Karura si ya kunywa. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unakuta povu chini ya maporomoko, na kuna siku upepo unakuletea harufu ambayo mkunga haihitaji kuelezwa. Mito ile inaingia msituni ikiwa tayari imepita kwenye mitaa yenye watu wengi, na kila mtaa umeacha chake. Lakini angalieni kinachotokea: mtu anayetembea pale huona, huvuta pumzi, hukasirika. Anapiga picha, anauliza maafisa, anaandikia gazeti. Povu la Karura lina mashahidi. La kwetu halina.

Hapo ndipo penye barua yangu.

Mito inayopita Karura ni minne: Thigiri, Karura, Ruaka na Gitathuru. Huo wa Gitathuru ukitoka msituni unapita Muthaiga, unavuka chini ya Barabara Kuu ya Thika, na kuingia bonde la Mathare. Huku unakutana na Mto Mathare, kisha maji yote yanakwenda Mto Nairobi. Kwa hivyo maji ninayoyasikia yakipita nyuma ya nyumba yangu usiku, baadhi yake yametoka kwenye msitu ule ule ninaolipia nauli mbili kuufikia. Nilipolitambua jambo hili nilimchukua mjukuu wangu, tukaamua kuyafuata maji kwenda juu kutoka kwetu, tuone tutafika wapi.

Hatukufika mbali. Upande wetu, nyumba za mabati zimesimama kwa miguu ya mbao ndani ya maji yenyewe, na kupita inabidi uombe radhi ya mtu anayepika. Choo kimejengwa juu ya mkondo, mlango ukiwa turubai. Pana mahali kingo zote mbili ni taka tupu, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya taka tuliona mifuko ile ya plastiki laini iliyopigwa marufuku Agosti 2017 ikiwa bado na rangi zake. Chupa za plastiki zilikuwa zimejikusanya kwenye kona ya mto, zikiruka-ruka papo hapo. Mjukuu akauliza kama zile chupa zinazokatazwa mlangoni Karura ndizo hizi. Nikamwambia hapana, hizi zina mlango wao. Tulipokaribia barabara kuu na kutazama upande wa pili, tuliona kuta za mawe zimeshuka hadi kwenye maji, juu yake waya wa umeme. Upande mmoja mabati, upande wa pili mawe na waya. Wote wameingia mtoni sawasawa, isipokuwa mwenye mawe hakuna aliyewahi kumpigia king'ora usiku.

Nasema king'ora kwa sababu nilikuwepo. Aprili 2024 mto ulipanda usiku, na wengi mnakumbuka. Niliamshwa kwa mayowe, si kwa maji, kwa kuwa naishi juu kidogo. Asubuhi nilikuwa ghorofani kwa jirani nikimfunga jeraha mama aliyekatwa na bati akimtoa mwanawe. Wapo walioondoka na maji na hawakurudi. Baada ya hapo, Mei, serikali ikasema wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakaja. Rais alifika Mathare na kuahidi shilingi 10,000 kwa kila familia itafute pa kuhamia. Siingii katika mjadala wa kama zilitosha. Waliohama wenyewe ndio wanaojua kodi ya nyumba ni kiasi gani. Ninalouliza ni jingine. Ile ardhi iliyosafishwa ilikuwa ya nini?

Maana tumeona hili mara nyingi. Agosti 2018 majengo ya watu wenye fedha yaliangushwa, South End kule Lang'ata na Ukay pale Westlands, kwa sababu hiyo hiyo ya mto, na nchi nzima ikatazama kwenye televisheni. Tukapiga makofi. Lakini sijasikia mtu akialikwa kwenda kutembea pale palipobomolewa. Kubomoa tunakujua vizuri sana, Mhariri. Ukingo ukishabomolewa na kuachwa hivyo, hauchukui muda kupata mwenyewe. Anaanza mtu wa kuchoma mahindi, anafuata wa kuosha magari, kisha mtu asiyejulikana jina anaweka mabati usiku, na mwaka wa tatu kuna landilodi. Sisemi kwa kukisia. Nimeyaona yakitendeka kwenye ukingo wetu tangu mabomoko yale ya 2024, na wanaojenga upya baadhi yao ni wale wale waliobomolewa, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda.

Kijia ni mwenyewe wa kudumu. Kikipita watu kutwa nzima, mwenye mabati hapati usiku wa kutosha.

Machi 2025 mpango wa kufufua Mto Nairobi ulizinduliwa, nasi tukaambiwa ni kilomita 27 hivi za mto na mabilioni yanayokaribia 50. Vijana wetu wengi wamepata kibarua humo, na nawaombea heri. Mtoni wamepunguza takataka kwa macho yangu nikiona. Nimesikia pia kwamba kuna mabomba makubwa ya majitaka yatakayolazwa kandokando ya mito. Hapa naomba wahandisi wanisikilize japo mimi si fundi. Bomba kuu la majitaka hufuata bonde kwa sababu kinyesi, kama maji, hakipandi mlima bila kusukumwa. Juu ya bomba hairuhusiwi kujenga, kwa sababu siku likiziba lazima lifikiwe. Kwa hivyo iwe isiwe, kutakuwa na ukanda mwembamba, mrefu, usio na nyumba, unaofuata mto kutoka juu hadi chini, wenye vifuniko vya mashimo kila baada ya hatua kadhaa. Sasa huo si ndio kijia chenyewe? Kilichobaki ni kuushindilia udongo, kuweka kokoto pale penye matope, na kusema wazi kwamba ni njia ya umma. Mtu anayetembea juu yake kila siku ndiye atakayeona mfuniko umeibwa au shimo linafurika, na atapiga kelele kabla mtoto hajatumbukia.

Jirani yangu mmoja, mama wa chapati, ananipinga katika hili, na kwa kuwa ananipinga kila jioni naona bora nimjibu hapa. Anasema, "Mwalimu wa wajawazito, sisi hatuna choo, wewe unatafuta pa kutembelea?" Ana haki. Nimewatibu watoto wenye kuhara wa bonde hili kwa miaka, najua kipindupindu kinapita njia gani. Lakini choo bila bomba ni ndoo, na bomba bila njia ni jambo la kufukiwa na kusahauliwa. Mimi siombi kimoja badala ya kingine. Naomba fundi akishachimba mtaro wake, asiondoke akaacha rundo la udongo. Mama wa chapati mwenyewe nimemwuliza kama kijia kingepita mbele ya jiko lake, na watu wakawa wanapita asubuhi na jioni, angewauzia nani. Hapo alinipa chapati moja bure, ila msimamo hakuubadilisha.

Wapo wanaosema mto ukifurika utabeba kijia. Na ubebe. Kijia cha udongo kikizama siku mbili katika mwaka, siku ya tatu unakisugua matope na kupita. Nyumba ikizama siku mbili, tunazika. Ukingo ni chumba cha mto cha kupanukia wakati wa masika. Kitakachowekwa humo kiwe kitu kinachoweza kulowa bila mtu kufa: nyasi, miti, mabenchi ya saruji, uwanja wa watoto, kijia.

Tena wapo watakaosema usalama: "Kando ya mto Mathare, mwanamke atembee?" Swali hili nalo ni la haki, lakini lilikuwa la Karura pia. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipokwenda kupanda mti pale, kwa kuwa msitu ulikuwa ukigawiwa watu wajenge, alipigwa na walinzi wa waliopewa ardhi hadi akatoka damu kichwani. Nilikuwa kazini siku ambazo wanafunzi wa chuo kikuu walikabiliana na polisi kwa ajili ya hilo, na zamu ilikuwa nzito. Miaka mitano baadaye, 2004, alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini hata baada ya msitu kuokolewa, karibu miaka kumi watu waliendelea kuuogopa. Haukuwa salama kwa kuwa umeokolewa. Ulikuwa salama baadaye, ulipozungushiwa ua, vijana wa vijiji vinavyopakana nao wakaajiriwa kuwa walinzi, vijia vikafyekwa, na watu wakaanza kuingia. Leo nakutana na wasichana wanakimbia peke yao saa moja asubuhi, nyaya masikioni. Kilichofukuza wahuni ni wingi wa miguu pamoja na walinzi wanaojua majina ya wahuni.

Na msiniambie ni jambo la watu wa tabaka fulani. Nendeni Korogocho, mkaone bustani waliyoifanya vijana wa Komb Green ukingoni mwa Mto Nairobi, mahali palipokuwa jaa. Hawakungoja zabuni. Walizoa taka, wakapanda, wakaweka matairi yaliyopakwa rangi, na watoto wanacheza. Nilikwenda na mjukuu, akabembea hadi nikachoka kumsubiri. Pale hakuna mlango wa kulipia. Vijana walioweza kufanya hivyo kwa majembe ya kuazima wataweza kutunza kilomita chache za kijia wakilipwa mshahara, hata mdogo.

Suala la malipo linaniuma kuliko ninavyoonyesha. Sina ugomvi na kiingilio cha Karura. Ua na walinzi hawajilipi. Lakini piga hesabu ya mama wa Huruma: nauli mbili za kwenda, mbili za kurudi, kiingilio, na kama ana mjukuu wa kumvuta mkono, ongeza. Hizo ni unga na mboga za siku mbili. Wenzetu wawili wa chama wameacha kuja, hawakusema sababu, na sisi hatukuwauliza kwa kuwa tunaijua. Mmoja wao ndiye mwenye sukari mbaya kutuzidi sote. Dawa anapewa. Pa kutembea hana. Kijia cha mlangoni kwetu kisiwe na lango, wala kitambulisho, wala kulipia kwa simu.

Kwa hivyo ninaloomba, na liwe kwenye karatasi, ni kwamba katika kipande cha Gitathuru na Mathare, kutoka Barabara Kuu ya Thika hadi mto unapokutana na Mto Nairobi, kijia kichorwe kwenye ramani ya kazi kabla ya kitu kingine chochote cha kujengwa ukingoni. Ukingo mmoja unatosha tukianza. Kisiwe cha vigae vya kuteleza, wazee wanatembea. Benchi ziwe karibu karibu, kwa kuwa mwenye presha hapumziki mtu akimpangia. Taa ziwepo hadi saa tatu usiku, maana wengi wetu hurudi kazini gizani. Vidaraja viwe vya chuma kilichochomelewa, kisichoweza kung'olewa na kuuzwa kwa kilo. Na miti isiwe mikaratusi tena. Karura yenyewe inaondoa mikaratusi ili kurudisha miti ya asili. Tupeni mikuyu, mianzi ya kushika kingo, na mwiri, ambao gome lake mababu zetu walilitumia na sisi wa hospitali tunalijua kwenye vidonge vya wazee wenye shida ya mkojo.

Wauzaji wasifukuzwe. Naliweka peke yake kwa sababu najua kijia kikipendeza kitu cha kwanza kitakachofanywa ni kumfukuza mama wa chapati ili wageni wapige picha. Karura kuna mkahawa ndani ya msitu na hakuna aliyekufa. Kwetu itoshe meza, kivuli, na pipa la taka linalomwagwa kwa kweli.

Kuhusu upande wa juu, Muthaiga, siwezi kuota kwamba ukuta wa mtu utasogezwa kwa barua ya mkunga. Ila sheria ya ukingo ni moja. Kama mita 30 zilipimwa kwetu kwa tingatinga saa kumi na moja alfajiri, basi hata kule zipimwe, mchana kweupe, kwa kamba na mkanda, na ijulikane zinaishia chini ya bustani ya nani. Siombi kubomolewa kwa mtu. Naomba njia ya hatua mbili tatu kati ya ukuta na maji, ili siku moja mtoto wa Huruma aweze kupanda na mto hadi msituni bila kulipa nauli, na mtoto wa Muthaiga aweze kushuka nao hadi kwetu aone maji yake yanafikia wapi.

Mhandisi au afisa yeyote wa mpango huu akitaka kuonyeshwa kipande chetu, sisi kina mama wa chama tuko tayari kumtembeza. Jumamosi ambazo hatuendi Karura tuko kwenye kituo cha matatu cha Huruma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na anayevaa leso ya kijani kichwani ndiye mimi. Ukingo unapitika kwa mguu hadi karibu na barabara kuu kama hakujanyesha. Kama kumenyesha, aje na gambuti.

Mkunga mstaafu,
Huruma, Nairobi